Costa Rica wanajaza wageni msituni, sisi misitu tunayo na Desemba tunaishia Mombasa. Kwa nini?

#1 Binti_wa_Pangani
Hamjambo wanajukwaa.

Chama chetu kimekuwa kikiweka akiba ya safari na sasa pesa zimefika mahali pa kuamua. Nusu ya wanachama wanataka Costa Rica: kulala kwenye loji ndani ya msitu wa mvua, kuteleza juu ya miti kwa ziplaini (unaning'inia kwenye waya), kuona kasa wakitaga usiku, kuteremka mto wenye maporomoko kwa boti ya mpira. Nusu nyingine wanasema hayo yote yapo hapa nyumbani, ni sisi tu hatujui yaliko.

Nimesoma sana siku hizi na kuna jambo linaniuma. Nchi ile yote ina kilomita za mraba 51,100. Kaunti ya Turkana peke yake inaizidi. Miaka ya 1980 walikuwa wamefyeka misitu hadi ikabaki karibu robo ya nchi. Leo zaidi ya nusu ya nchi ni msitu tena, na watu wanavuka bahari kwenda kuutazama. Kwetu, ripoti ya serikali ya 2021 ilisema miti inafunika asilimia 12.13 ya nchi, na misitu yenyewe asilimia 8.83. Tuna Kakamega, Arabuko-Sokoke, Aberdare, Mau, na mlima wenye barafu hapa hapa Ikweta. Lakini muulize mtu wa Nairobi likizo ni nini, atakwambia ushago, Mombasa, au Naivasha kula nyama.

Wao walifanya nini ambacho sisi hatukufanya? Na kama umewahi kufanya safari ya namna hii, hapa au kule, nipe ukweli wake.

#2 Fundi_Rongai
Hawana jeshi. Walilivunja 1949, pesa zikaenda shuleni, hospitalini na kwenye hifadhi. Uzi ufungwe.

#3 Mwalimu_Buruburu
Usiufunge bado, Fundi. Kiongozi wao José Figueres alitangaza kulivunja jeshi tarehe 1 Desemba 1948, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Katiba ya 1949 ndiyo iliyolipiga muhuri jambo hilo. Sasa linganisha miaka. Misitu yao iliangamia zaidi kati ya miaka ya 1950 na mwanzo wa 1980, wakati jeshi lilikuwa limekwisha kuondoka. Walifyeka kufuga ng'ombe wa kuuza nyama Marekani. Shule nzuri walikuwa nazo, hospitali walikuwa nazo, na shoka halikulala. Kwa hiyo hoja ya jeshi inaeleza mengi kuhusu nchi ile, ila miti haijaielezea.

#4 Mtoto_wa_Eastlando
Kile kisiwa si kiko chini ya Marekani? Pesa za Washington zinaingia moja kwa moja. Tusijilinganishe nao.

#5 Binti_wa_Pangani
@Mtoto_wa_Eastlando hiyo ni Puerto Rico, ndugu yangu. Costa Rica iko bara, kati ya Nicaragua na Panama, ina bahari pande mbili, na ni nchi huru.

#6 Wakili_South_B
Nianzie alipoachia Mwalimu (#3). Miti inaelezwa na sheria. Mwaka 1996 walipitisha Sheria ya Misitu namba 7575. Ilifanya mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, ilikataza kugeuza msitu kuwa shamba au malisho, hata kama msitu huo ni mali yako binafsi. Pili, ilikubali kwamba msitu uliosimama unafanya kazi ambayo watu wengine wananufaika nayo, ikazitaja kazi hizo nne: kunyonya hewa ya ukaa, kulinda maji, kuhifadhi viumbe, na uzuri wa mandhari. Kuanzia 1997 mwenye msitu akawa anaingia mkataba na mfuko wa serikali na kulipwa kwa hekta. Pesa hizo zilitoka hasa kwenye kodi ya mafuta ya magari, asilimia 3.5 yake.

Ukimkataza mkulima mdogo kukata miti bila kumpa kitu, atakata usiku. Wao walimkataza na kumlipa. Sisi tumekuwa hodari wa ile nusu ya kwanza. Februari 2018 tulipiga marufuku ukataji katika misitu ya umma, 2023 marufuku ikaondolewa, na katikati hapo mkulima wa Kinangop anayelinda chemchemi ambayo maji yake yanakuja kunywewa Nairobi hakuona senti.

#7 Mzee_wa_Kinoo
Wakili, umeeleza vizuri lakini hadithi umeianza katikati. Sheria yako ya 1996 iliikuta miti imeshaanza kurudi. Miaka ya 1980 bei ya nyama ilianguka, nchi ikazama kwenye madeni, na ile mikopo rahisi ya benki za serikali iliyokuwa inawashika mkono wafugaji ikakauka. Malisho ya milimani yakaachwa. Nchi yenye mvua kama ile, ukiacha malisho, mti unaota wenyewe bila semina. Serikali ilikuja baadaye kuulinda.

Hapa kwetu ekari ikiachwa msimu mmoja, mtu ameshapanda mahindi. Mimi nalima Kinoo na nimeona mashamba yakikatwa vipande hadi kimoja hakitoshi kugeuzia mkokoteni. Usiniambie habari ya sheria tu. Niambie watu wangapi wanaitegemea ardhi hiyo kwa ugali.

#8 Dereva_wa_Watalii
Nimeendesha vani za watalii tangu enzi za Moi, nisikilizeni na mimi.

Hoja yangu haina sheria wala ng'ombe. Ni picha. Mgeni anashuka uwanja wa ndege wa JKIA tayari ana Kenya yake kichwani: nyasi, simba, twiga, jua linazama. Hiyo ndiyo Kenya tuliyouza. Uwindaji ulipopigwa marufuku 1977, bunduki ikabadilishwa na kamera, lakini mpango wa safari ukabaki ule ule, yaani toka lojini alfajiri, tafuta mnyama mkubwa, rudi kula. Gari letu lenyewe, lile la paa linaloinuka, limetengenezwa kwa ajili ya mbuga ya wazi. Liingize Kakamega uone: mgeni amesimama ndani ya gari anatazama majani.

Msitu unataka miguu na unataka mwongozaji anayejua. Niliwahi kupeleka familia moja Isecheno, upande wa kusini wa msitu wa Kakamega. Mvua ya mchana ikawanyea, viatu vikajaa tope, baba akaanza kuniuliza simba wako wapi. Mwongozaji, kijana wa pale pale, hakujibu. Alisimama, akainua kidole, akaiga mlio wa ndege kwa koo lake. Tukanyamaza. Akaiga tena. Juu kabisa kitu cha bluu, kikubwa kuliko jogoo, kikatokeza na kukimbia juu ya tawi kwa miguu, kishungi kimesimama, mdomo wa manjano wenye ncha nyekundu. Ndiye yule shorobo mkubwa wa bluu, na Kenya ukimtaka lazima uje misitu hii ya magharibi. Yule baba aliomba darubini na hakuirudisha hadi jioni.

Na msisahau umbali. Mmarekani wa Miami au Houston anafika San José kwa saa chache tu, anaweza kwenda kwa wiki moja na kurudi kazini. Kuja kwetu ni safari ya siku nzima au zaidi. Akija, anataka kile asichoweza kukiona karibu na kwao, na hicho ni tembo. Msitu wa mvua anao mlangoni.

#9 Mama_Kahawa_West
Mnaongea kana kwamba Mkenya hapendi msitu. Nendeni Karura Jumapili mkajaribu kupata nafasi ya kuegesha gari.

Mimi nimekulia Nairobi na miaka ya tisini Karura ilikuwa mahali pa kupita mbio. Wanyang'anyi, maiti zinatupwa, na wakubwa wanajigawia viwanja. Januari 1999 Profesa Wangari Maathai alipigwa na kuumizwa kichwani pale akienda kupanda mti. Leo ni zaidi ya hekta 1,000 za msitu, una ua wa umeme, walinzi, vyoo vinavyofanya kazi, njia zenye alama, baiskeli za kukodi. Watoto wangu wamejifunza kuendesha baiskeli mle. Mtu hakubadilishwa moyo. Mahali palifanywa salama na pakafikika kwa matatu.

Kwa hiyo jibu langu, Binti: usalama, choo, na bei inayotajwa mapema. Mama mwenye watoto hawezi kwenda mahali ambapo hajui ada ya mlangoni, hajui atalala wapi, na Januari inamsubiri na karo.

#10 Mtembezi_Ngong
Mama Kahawa kasema kweli. Naongezea kwamba biashara hii ipo tayari, wazee wa jukwaa ndio hamjaiona. Kila Jumamosi alfajiri vani zinajaa vijana pale mjini: Elephant Hill upande wa Aberdare, Kijabe, Longonot yenye mita 2,776 na kuuzunguka mdomo wake wote. Unalipa kwa M-Pesa, unakuja na maji na ndizi. Kereita, hapo karibu na Kimende, kuna ziplaini juu ya msitu na ni mwendo mfupi tu kutoka Nairobi. Ngare Ndare, upande wa Timau, kuna daraja la waya la mita 450 linalopita katikati ya vilele vya miti, na chini vidimbwi vya maji ya samawati. Msitu ule unasimamiwa na jamii zenyewe, na tembo huutumia kwenda na kurudi kati ya Lewa na Mlima Kenya.

Dada Binti, funga hiyo intaneti uvae gambuti.

#11 Binti_wa_Pangani
@Mtembezi_Ngong gambuti ninazo, asante. Lakini hizo ni safari za siku moja. Naongelea likizo: watu wanalala, wanakula chakula cha pale, pesa zinabaki pale. Elephant Hill vijana wanashuka na saa mbili usiku wako Roysambu. Mwanakijiji aliyeuza chai kibandani amepata shilingi ngapi?

#12 Mzee_Limuru
Wanangu, niongeze la umri wangu.

Mnauliza kwa nini wazazi wenu hawakuwapeleka msituni. Mimi nilizaliwa wakati wa Hali ya Hatari ya mkoloni. Msitu wa Aberdare ulikuwa eneo lililokatazwa, mtu akionekana mle alipigwa risasi. Ndege ziliudondoshea mabomu. Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alikamatwa ukingoni mwa msitu huo Oktoba 1956. Baada ya uhuru, msitu ukawa ni askari wa misitu, mama anakamatwa na mzigo wa kuni. Baadaye ukawa ni wakubwa na hati za viwanja. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyetuambia twende kule tukafurahi. Tulienda kule kwa shida, kwa sala, au kwa kujificha.

Sasa naona wajukuu wangu wanapanda Elephant Hill wakiimba na moyo wangu unafurahi sana. Lakini msidhani uoga wa wazazi wenu ulikuwa uvivu.

#13 Fundi_Rongai
Mzee #12, heshima. Hii sikuwa nimeifikiria kabisa.

#14 Asali_ya_Mau
Mimi natoka familia ya Waogiek na nasoma uzi huu kwa uchungu kidogo. Mnaongea kana kwamba misitu yetu haina watu, twende tu tukaijaze wageni. Misitu hiyo ina watu. Babu yangu alitundika mizinga Mau, na alijua mti upi unachanua mwezi gani na asali yake itakuwa na rangi gani. Kisha tukaambiwa tutoke ili msitu upone, na ukafyekwa sisi tukiwa nje. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iliamua tarehe 26 Mei 2017 kwamba haki zetu zilivunjwa, na Juni 2022 ikaamuru fidia na kurudishiwa ardhi. Tunasubiri.

Na hao Costa Rica msiwafanye malaika. Wabribri wa Talamanca leo wanapokea wageni kwao, wanawaonyesha kakao inavyokaangwa na kusagwa, na hilo ni jema. Lakini Machi 2019 kiongozi wa Wabribri wa Salitre, Sergio Rojas, aliuawa kwa risasi nyumbani kwake katikati ya migogoro ya ardhi. Likizo ya mazingira bila kuuliza ardhi ni ya nani, mimi siitambui.

#15 Wakili_South_B
@Asali_ya_Mau umesema kweli na hukumu zote mbili nimezisoma. Ndiyo maana narudi kwenye malipo. Yule mwenye mizinga ndiye angepaswa kuwa na mkataba wa kwanza wa kulinda msitu.

#16 Asali_ya_Mau
Mkataba unataka hati ya ardhi, wakili. Hati ndiyo tunayoidai.

#17 Nesi_wa_Texas
Salamu kutoka ng'ambo, mzaliwa wa Umoja. Costa Rica nimefika, kwa hiyo Binti nikupe yale ambayo matangazo hayasemi.

Tortuguero, pwani ya Karibi, hakuna barabara ya kufika. Unapanda boti kupitia mifereji, au ndege ndogo. Kasa wa kijani hutaga hasa Julai hadi Oktoba. Usiku unavaa nguo nyeusi, simu inabaki chumbani, hakuna picha, na taa pekee ni tochi nyekundu ya mwongozaji. Tulisimama gizani kwenye miti hadi alipoitwa na wenzake kwamba kasa ameshaanza kutaga, kwa sababu kabla ya hapo anaweza kushtuka na kurudi baharini. Tukasogezwa kwa zamu. Aliwasha ile taa nyekundu kwa nyuma tu, mahali mayai yanapodondokea: meupe, yanateleza, mawili, matatu, na kila mara magamba yanapanda na kushuka kwa pumzi. Mchanga uliorushwa na makasia yake ulinipiga usoni. Sijawahi kukaa kimya na wageni wengi namna ile. Mwongozaji alituambia wazee wa kijiji walikuwa wakiwinda kasa hao hao, na sasa wajukuu ndio wanaolipwa kuwaonyesha.

Monteverde ni juu milimani, msitu wa mawingu. Eneo lile walihamia Wakweka (Wakristo wa Quakers) kutoka Alabama 1951, watu wasiotaka vita, wakafuga ng'ombe na kutengeneza jibini, lakini wakaacha msitu wa juu usiguswe kwa sababu ndio chanzo cha maji yao. Hifadhi yenyewe ilianza 1972. Kwa hiyo @Mzee_wa_Kinoo, ng'ombe na msitu walikaa jirani pale.

Yasiyosemwa: ni nchi ghali. Mei hadi Novemba upande wa Pasifiki unanyeshewa, na barabara za mashambani ni tope na mashimo. Manuel Antonio ni hifadhi nzuri lakini imejaa watu, wanaweka kikomo cha wageni na hufunga Jumanne. Corcovado huruhusiwi kuingia bila mwongozaji aliyesajiliwa. Na slothi, yule mnyama wa mtini mwenye mwendo wa polepole, mnamuona kama kifurushi cha nyasi mtini, hasogei, leteni subira.

#18 Mtoto_wa_Eastlando
Na ile volkano inayomwaga moto usiku? Hiyo ndiyo mimi ningeendea.

#19 Nesi_wa_Texas
@Mtoto_wa_Eastlando Arenal ililipuka Julai 1968 na kuua watu, ikaendelea kutoa lava hadi 2010. Tangu hapo imetulia. Utaiona, ni nzuri, utaoga maji ya moto chini yake, lakini lava usiku ni picha za zamani. Hoteli zingine bado zinazitumia.

#20 Mtembezi_Ngong
Maji ya moto hata Bogoria yapo, bradha. Na yanachemsha mayai.

#21 Kilifi_Halisi
Jamani, mnakwenda mbali kutafuta kasa na Watamu kuna kasa. Arabuko-Sokoke ni kilomita za mraba kama 420 hivi, msitu wa pwani wa peke yake, una bundi mdogo wa Sokoke na yule sange mwenye nyonga za dhahabu ambaye duniani kote karibu ni hapa tu. Tangu 1993 wakulima wa kando ya msitu wanafuga vipepeo chini ya mradi wa Kipepeo pale Gede, wanauza pupa, yaani vipepeo wakiwa bado ndani ya ganda, nje ya nchi. Huo ni msitu unaomlipa jirani yake bila kungoja sheria ya mtu.

Shukeni kusini hadi Gazi, Kwale. Mikoko Pamoja ilianza 2013: wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanalinda hekta 117 za mikoko, hewa ya ukaa inayozuiliwa inauzwa, pesa zinaingia kwenye maji na shule. Kuna njia ya mbao inayopita ndani ya mikoko, wanawake wa pale ndio wanaoisimamia, na wanawapikia wageni. Chukueni SGR hadi Miritini, mkavuke upande wa pili, na wala hamtapigwa muhuri wa pasipoti. Halafu Binti, hiyo "Mombasa" unayoidharau kwenye kichwa cha uzi ina mambo, ni nyinyi mnaoishia ufuoni na chupa.

#22 Binti_wa_Pangani
@Kilifi_Halisi sijaidharau! Pole na asante. Gazi naiandika kwenye daftari la chama.

#23 Msafiri_Arusha
Wakuu, habari za huko. Mkichoka kubishana njooni Udzungwa. Hifadhi tangu 1992, ndani hakuna barabara za magari, ni miguu tu, na maporomoko ya Sanje yanashuka kama mita 170 katika msitu mzito. Mbega mwekundu wa pale hapatikani kwingine duniani. Hatukuhitaji kodi ya mafuta.

#24 Fundi_Rongai
Mtanzania kafika, sasa mlima Kilimanjaro utatajwa kabla ya jioni.

#25 Msafiri_Arusha
@Fundi_Rongai unaonekana kutoka kwenu, ndiyo shida yenu.

#26 Okoa_Mto
Turudi kwenye jambo ambalo Mama Kahawa (#9) aligusa na mkalipita. Usalama.

Ninafanya kazi ya maji, boti za mpira, Mto Tana upande wa Sagana. Kabla mtu hajaingia mtoni namvuta jaketi lake la kuokolea mabegani kwa mikono miwili. Likipanda hadi masikioni, halijakazwa, anarudi nyuma. Kofia ngumu naisukuma kutoka paji la uso. Ikiteleza nyuma, anarudi. Kisha tunafanya mazoezi kwenye maji tulivu: ukianguka, miguu mbele, vidole juu, usisimame kamwe kwenye mkondo kwa sababu mguu ukinaswa katikati ya mawe, maji yatakulaza. Anayekataa mazoezi hapandi, hata awe amelipa.

Lakini mwingine anafunga waya kati ya miti miwili na kuanza kupokea watu. Nilishawahi kwenda mahali, sitapataja, nikakuta nyuzi za waya zimeanza kukatika kwenye kishikio na hakuna aliyejua ilikaguliwa lini. Niliondoka na watu wangu. Na msisahau Hell's Gate: mafuriko ya ghafla yaliua watu mle bondeni 2012 na tena Septemba 2019. Mvua inanyesha mbali, wewe uko chini kwenye jua, maji yanakuja kama ukuta. Hapo panahitaji mtu mwenye redio juu na amri ya kufunga njia mawingu yakionekana. Mgeni wa kigeni analipa pesa nyingi Costa Rica kwa sababu anaamini atarudi nyumbani. Mimi naamini hilo ndilo pengo letu kubwa kuliko sheria zote mlizotaja.

#27 Dereva_wa_Watalii
#26 umesema neno. Ila usiwape Costa Rica alama zote. Septemba 2015 kule Ostional watalii walijaa ufuoni hadi kasa wakashindwa kutaga wakarudi baharini. Umati ni hatari popote.

#28 Mwalimu_Buruburu
Na tusisahau mananasi. Costa Rica ndio wauzaji wakubwa zaidi duniani wa nananasi bichi, na dawa za mashamba hayo zimelalamikiwa kwa miaka kwa kuingia kwenye maji ya vijiji. Nchi moja inaweza kuwa na vyote viwili.

#29 Binti_wa_Pangani
Asanteni nyote, nimewasomea wanachama uzi mzima. Hatujakubaliana. Mweka hazina kasimama na Nesi na kasa wake. Mimi nimeelemea Kakamega na Gazi kwa safari moja, na nimetoa hoja kwamba kila mahali tutakapolala pawe pa watu wa hapo. Wenye ujuzi: Kakamega tukalale kaskazini Buyangu au kusini Isecheno?

#30 Dereva_wa_Watalii
Buyangu iko chini ya KWS (shirika la wanyamapori), ni tulivu zaidi, msitu umepumzika. Isecheno iko chini ya KFS (shirika la misitu), waongozaji wa kijiji ni wengi na wanajua ndege kwa sauti. Kwa mara ya kwanza ningechagua Isecheno: kutoka Kakamega mjini pitieni Shinyalu. Alfajiri moja mpande kilima cha Lirhanda muone ukungu ukitoka juu ya miti. Kuna shimo la zamani la dhahabu pale lenye popo, bebeni tochi. Kila alasiri tegemeeni mvua.

#31 Nesi_wa_Texas
Na wale wa Costa Rica wakishinda kura: hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi. Mkipitia Marekani mtahitaji viza ya Marekani hata kwa kubadilisha ndege tu, kwa hiyo angalieni njia ya Ulaya. Viza ya Costa Rica yenyewe ulizeni mapema kabla ya kukata tiketi. Cheti cha homa ya manjano ni lazima kwa anayetoka Kenya; kama ulishachanjwa, cheti ni cha maisha.

#32 Wakili_South_B
Kabla hatujatawanyika, pendekezo. Kila lita ya petroli hapa kwetu tunakatwa shilingi 25 za matengenezo ya barabara tangu 2024. Ongeza shilingi moja tu ya msitu. Iende kwa mkulima na kwa jamii inayolinda, kwa mkataba, kwa hekta, kama kule.

#33 Kondakta_Ngong_Road
Wakili, hiyo shilingi moja itatoka mfukoni mwa abiria wangu wa Kawangware, usijidanganye. Mimi nitaikubali siku nitakapoonyeshwa hekta ya kwanza iliyolipiwa na jina la mtu aliyelipwa, limebandikwa ukutani kwa chifu ambapo kila mtu anaweza kulisoma.

#34 Mzee_wa_Kinoo
Kondakta, hapo hata mimi naweka sahihi. Lakini bado mahindi hamjayajibu.